Mngurumo wa Safari ya Kurudi

...na waya nao umekwenda wapi, si alikuwa nao mkononi sasa hivi tu, alipotandika gunia na kujisukuma chali chini ya pikapu mpaka pua ikakaribia kugusa vyuma, ah, huu hapa, umelala begani kumbe, waya wa kufungia bomba la moshi lisije likaburuta njiani, ndivyo alivyomwambia mumewe, naenda kufunga bomba, ingawa bomba halikuwa limelegea hata kidogo na Ntinyari alilijua hilo vizuri, na Mbogo angekuwa mtu wa kuchungulia chini ya magari angelijua pia, lakini Mbogo ni mtu wa mafaili na mihuri huko ofisini Embu, kwake yeye chini ya gari ni kama chini ya kitanda cha mgeni, hapachunguliwi, na kwa sababu hiyo hapa ndipo mahali pekee katika boma lao lote hili la Kianjai ambapo mwanamke mzima anaweza kulia kidogo bila kuulizwa analilia nini, maana angejibu nini, analilia pikapu, mtu na akili zake, mama wa watoto waliokwisha kuota ndevu, analilia bati na kutu... "Mama Muthomi amepotelea huko?" hiyo ni sauti ya Ngari, yule mnunuzi aliyefika asubuhi kutoka Embu, mtu wa kununua magari yaliyochoka na kuyachinja, ndivyo anavyosema mwenyewe bila haya, kuchinja, injini kwa huyu, milango kwa yule, mifupa kwa watu wa chuma chakavu, "Anafunga exhaust, atatoka tu," Mbogo akamjibu, "wewe kunywa chai," na Ngari akasema chai bado ni moto, ataingoja, na ikipoa atainywa, na akiinywa atapewa ufunguo, basi, kikombe kimoja cha chai ndicho kilichobaki kati ya Ntinyari na mwisho wa kazi yake, na laiti angejua angeichemsha zaidi, angeipika mpaka jioni, kwa sababu bila pikapu yeye ni nani, atarudi kuuza maharagwe kwa vikombe pale sokoni akingoja mawakala wampangie bei, yeye aliyezoea kuyapeleka mwenyewe Embu kila Jumatatu, magunia yamejaa hadi juu, kiti cha dereva kimeshika umbo lake, na watu wa njiani Nkubu na Chuka wakimpungia mkono, Mama Pikapu huyo, Mama Pikapu... na lawama yote ni ya ule mngurumo, mngurumo wenyewe laana, akifumba macho anausikia hata sasa ilhali injini imezimwa, akirudi, akishaiacha Runyenjes nyuma, gia ya nne, mguu umetulia kwenye mafuta, unaanza, ngurrr, mdogo kwanza, unatoka chini ya sakafu, unapanda kwenye nyayo, unaingia magotini, ukifika mwendo fulani unakuwa mkubwa mpaka kioo cha pembeni kinatetemeka na meno yanawasha, na akipunguza mwendo unapungua, akiongeza unarudi, na akisimama kupisha ng'ombe halafu akiondoka tena, ndu, kitu kinagonga chini ya kiti kama mtu aliyefungiwa ndani anaomba mlango, na yeye peke yake barabarani, akiongea nayo, nini sasa, unataka nini, si nimekumwagia oili juzi, si nimekuoshea mpaka vipepeo vya redieta, sema basi, na haisemi, inanung'unika tu mpaka Kianjai, mpaka getini, na ikiingia bomani inanyamaza, na Mbogo akija Ijumaa jioni na matatu anamkuta amenuna, anauliza kuna nini, anamwambia ni pikapu inanguruma, na Jumatatu alfajiri wanapanda wote wawili, yeye Mbogo akienda kazini kwake, magunia nyuma, na pikapu inateleza hadi Embu kimya, kimya kabisa, kama mtoto aliyesingizia tumbo asiende shule na mara mgeni ameingia na mandazi...

"Mimi sijasikia kitu," hivyo ndivyo Mbogo alivyosema Jumatatu ile ya kwanza, na ya pili, na zote zilizofuata, na mwanzoni alisema akicheka, halafu akawa hacheki, "ni masikio yako, Ntinyari," na siku moja, hapo penye kona za kuteremkia mto Thuci, akasema lile neno ambalo mpaka leo halijatoka kifuani, "kama umechoka na hii kazi sema tu umechoka, usisingizie gari," akalisema taratibu, kwa upole, na upole ule ndio uliochoma, afadhali angefoka, kwa sababu mtu anayefoka ana shaka kidogo na asemalo, lakini mpole amekwisha kuamua, na yeye Ntinyari akashika usukani, akawaza, huyu anasikia, huyu anasikia sana ila anajifanya, anataka nimwachie barabara nikahamie Embu nikae kwenye vyumba viwili vya kupanga nimpikie, ndiyo, akawaza hivyo juu ya mume wake wa kanisani, na akaendelea kuwaza hivyo mwezi baada ya mwezi, chakula anakipakua na wazo hilo, kitandani analala na wazo hilo... na Jumapili je, Jumapili kwaya nzima ilipanda nyuma kwenda misa ya shukrani, akina mama wanaimba na kupiga makofi, akaendesha akitega sikio, akasema leo Mungu ni shahidi, leo watausikia wote, na pikapu ikaenda kimya kama inasali, waliposhuka, Kajuju jirani yake, mwanamke mwenye mwili na kicheko cha kutosha watu wawili, akamwambia, "Si iko sawa Mama Muthomi, mbona wewe unasumbua mzee bure?" na kina mama wote wakatingisha vichwa, na tangu siku hiyo kesi ikawa imeamuliwa, shahidi mmoja dhidi ya kwaya... na mafundi nao, Salesio wa pale Kangeta, fundi wa magari ya miraa, huyo alisikia, angalau huyo alisikia, alisema, "Toa mzigo kwanza, madam, mimi sipimangi gari na mzigo," wakaenda raundi ikiwa tupu, mngurumo huu hapa, Salesio akakunja uso akasema hiyo ni difu, lile tumbo la gia kwenye ekseli ya nyuma, maji yameingia difu siku ile ulivuka mafuriko Chuka, akaipandisha kwa jeki, magurudumu yananing'inia, akawasha, akatia gia, chini kote kukatetemeka, "si unaona," akasema, na difu ikafunguliwa, bearing zikabadilishwa, na meno yenyewe yalikuwa mazima, yanang'aa, Salesio mwenyewe akayatazama sana akakuna kichwa, na mngurumo ukabaki pale pale, kisha akabadilisha krosi, zile shingo mbili za propela, chuma kirefu cha chini ya gari, ukapoa safari moja mbili, Ntinyari akafika nyumbani akiimba, safari ya tatu umerudi, na yule fundi wa Embu aliyemfuata Jumatatu moja kabla hata hajashusha magunia, aliendesha mpaka kwenye mzunguko na kurudi akampa ufunguo kwa vidole viwili, "Madam, hii gari haina kitu, ni uchovu, enda ulale," kwa hiyo hata mafundi wakagawanyika, mmoja anasikia mmoja hasikii, na kitu kinachosikiwa na nusu ya watu watu hukiitaje, si wanakiita jini, ama wanaita wazimu, na yeye akachoka, kweli sasa akachoka, kumbe mtu akiambiwa amechoka kwa muda wa kutosha huchoka kweli, na wiki iliyopita kwenye mlima wa kutoka Thuci, peke yake, mngurumo ukiwa mkubwa kuliko siku zote, akaona kwa macho ya moyoni propela inakatika, inajichoma kwenye lami, pikapu inapinduka na yeye ndani, akasimama kando, akampigia Mbogo, akasema tuuze, na Mbogo akasema sawa, na ile sawa yake haikuwa na furaha yoyote ndani yake, hilo nalo ameligundua leo tu akiwa hapa chini, haikuwa sawa ya mtu aliyeshinda...

Basi hii hapa propela yenyewe, sentimita chache juu ya uso wake, chuma kirefu cha mviringo kinachotoka mbele kwenye giaboksi na kuja huku nyuma kuingia kwenye pua ya difu, chenyewe ndicho kinachozungusha magurudumu, na hapa karibu na pua ya difu ndipo ilipo ile krosi ya pili, shingo inayopinda, Ntinyari akaupitisha waya juu yake bila kuwaza, akaukandamiza kwa kidole gumba kufuata chuma, ukalala juu ya propela, ukafika shingoni, ukapinda, ukalala juu ya pua ya difu, ukawa na kiwiko kidogo, kazi ya mikono tu, kama mtu anayeng'oa nyasi akisikiliza habari za msiba, na machozi yakaingia masikioni, maana anayelia chali machozi yake hayana njia nyingine, kwaheri basi, akaiambia moyoni, umenibeba vizuri, hukuniacha njiani hata mara moja, ulinung'unika tu, na nani hanung'uniki... "Na mnataka kuitoa boma hivyo, tupu?" sauti mpya, nyembamba, yenye kukwaruza, huyo ni nyanya Gatakaa wa ng'ambo ya ua, amekwisha kuja, hakuna kinachotoka wala kuingia mji huu bila Gatakaa kuja kukiangalia, "hata kiondo cha jirani hakirudishwi kitupu, sembuse gari, hiyo ni kutoa baraka yote na kufunga mlango," na Ngari akacheka, "Cucu, hii si kiondo, hii naenda kuchinja," na Gatakaa bila kusita, "Hata ng'ombe wa kuchinjwa hunyweshwa maji, wewe kijana ulilelewa wapi," na Mbogo, naye ni mtu wa Embu lakini miaka yote hii imemfunza lini abishane na Gatakaa na lini anyamaze, "Wacha waweke kitu nyuma, Ngari, ni desturi ya hapa," na mara vishindo vya miguu, Kajuju anaitwa, ghala linafunguliwa, mlango wa nyuma wa pikapu unaangushwa, kwaa, na vumbi la kutu likamwagika usoni mwa Ntinyari, machoni, mdomoni, akatema, akataka kuwafokea wangoje kwanza kuna mtu huku chini... na gunia la kwanza la maharagwe likatua bodini, ndu, bodi nzima ikashuka kidogo na kupanda na kushuka, springi zikalia, la pili likatua, Kajuju mwenyewe akapanda kulivuta mbele, "sogea huko, ewe," anaongea na gunia, la tatu, halafu mikungu ya ndizi, Ntinyari akafumba macho vumbi lipite, akafumbua, akautazama waya, na waya ulikuwa umekosea mahali pake.

Ulikuwa hapo, hakuna mkono ulioushika, umelala juu ya propela vizuri, umefika shingoni, na kile kiwiko chake kidogo sasa kinaelea hewani, hakigusi tena pua ya difu, kuna nafasi, kidole kinapita, na kidole chake kikapita kweli, kikaenda na kurudi, akawaza, waya umejikunjua, akaushika, haukujikunjua, waya ni ule ule, kiwiko ni kile kile, basi ni nini kilichonyooka... ngoja, ngoja kidogo, usipumue, ni propela, shingo ya propela ndiyo iliyonyooka, ilikuwa imepinda na sasa imenyooka kwa sababu, kwa sababu gani, kwa sababu Kajuju na magunia wameikalia bodi na bodi imeshuka, na moyo wa Ntinyari ukaanza kwenda mbio kabla akili haijafika, moyo ulikuwa umekwisha kuelewa, moyo ulikuwa mbele unapiga kelele njoo, njoo uone, na akili ikaja inakimbia nyuma yake ikibeba kila kitu kwa pamoja, mzigo, mzigo, ikiwa na mzigo inanyooka, ikiwa tupu inapinda, na ikinyooka itanguruma nini, haiwezi kunguruma, chuma kilichonyooka kinazunguka kimya kama gurudumu la cherehani, ila chuma kilichopinda kupita kiasi kikizungushwa kwa kasi kinajirusha, kinagombana na shingo yake, kinatikisa sakafu, nyayo, magoti, meno, ee Mungu wangu, kwenda Embu na magunia kimya, kurudi Kianjai tupu kelele, kwaya nyuma kimya, waimbaji wote wale na Kajuju katikati, lazima ingenyamaza, hata treni ingenyamaza, na Salesio akisema toa mzigo kwanza akaisikia, na akaipandisha kwa jeki magurudumu yakaning'inia chini, shingo ikapinda zaidi na zaidi, ikatetemeka zaidi, akalaumu difu maskini isiyo na kosa, na yule wa Embu aliiendesha na magunia, angesikia nini, asingeweza kusikia kitu hata angekuwa na masikio ya popo, na ile siku aliyowapa lifti waombolezaji kutoka Chuka mpaka Meru, wamejaa nyuma na maua yao, mngurumo ukakatika ghafla na yeye akafikiri, alifikiri kweli, wala hajawahi kumwambia mtu, kwamba pikapu imenyamaza kwa heshima ya marehemu... kicheko kikamtoka puani, vumbi likaingia tena, akajiziba mdomo kwa kiganja chenye grisi, kwa maana huko juu wakimsikia anacheka chini ya gari linalouzwa watamfunga kamba wampeleke hospitali.

Tulia, Ntinyari, tulia, usije ukawa unaona unachotaka kuona, mwenye njaa huota chakula, ngoja Kajuju ashuke, na Kajuju huyo akashuka kweli, kwenda kuleta mkungu mwingine, springi zikapumua, na kile kiwiko cha waya kikasogea kurudi kwenye chuma, kidogo tu, upana wa kucha, lakini kikasogea, Kajuju akapanda na mkungu, kikainuka, ni kweli, ni kweli, Kajuju wangu, mwili wako ubarikiwe, usile kidogo maishani mwako, na sasa swali, mbona isianze zamani, pikapu hii ameiendesha tupu miaka na miaka bila mngurumo, ni nini kilichobadilika, na hakulazimika hata kutafuta, kilikuwa kinamtazama kutoka kushoto na kulia, springi, zile springi zenyewe, mabapa ya chuma yaliyolaliana, na katikati ya mabapa ya zamani yenye kutu kuna moja kila upande ambalo ni geni, jeusi zaidi, nene zaidi, lile alilolitia mwenyewe, akajigonga paji la uso, lile lile alilojisifia, kwani kila mtu wa mzigo huku si huongeza bapa, nenda Kangeta uone pikapu za miraa zimesimama matako juu kama jogoo anayetaka kuwika, gari lisiloinuliwa nyuma huonekana la mwalimu wa shule ya msingi anayekwenda harusini, na yeye akaenda akaongezewa, mkia ukapanda, akasimama kando ya barabara akaitazama akaiona imekuwa nzuri, akaongeza magunia na haikulegea, na wala hakuna aliyejiuliza, ikiwa imeinuliwa hivyo na haina kitu, propela itafuata njia gani... na mbona hakuunganisha, bapa na mngurumo, mbona, ah, ni yale mabati, ndiyo, mara tu baada ya kuongezewa alikuwa akirudi kila safari na mabati na saruji ya kanisa, mzigo kwenda mzigo kurudi, kimya pande zote, mpaka paa la kanisa likaisha, na safari ya kwanza ya kurudi mikono mitupu ndiyo ile ya mafuriko, akayakata maji Chuka, mngurumo ukaanza siku hiyo hiyo, nani asingelaumu maji, hata yeye, hata Salesio, maji yalikuwepo yanaonekana, bapa lilikuwa limekaa kimya huku juu likijificha nyuma ya sifa zake, na dawa yake je, dawa ni nini, ni kulitoa tu, masaa machache ya spana, au, hapana, ngoja, mzigo bado anautaka, kuna njia nyingine, kabari, kipande cha chuma chembamba huku kinene kule, unakitia kati ya springi na ekseli, pua ya difu inainama au inainuka mpaka itazamane na propela, si baba yake alikuwa akikaza shoka hivyo hivyo, mpini ukicheza anachonga kabari anaigongomea, shoka linakaa, na Salesio ana mashine ya kukata chuma, atakata kabari mbili kabla jua halijazama, watajaribu nyembamba kwanza, kisha nene, watapima kwa waya, kwa huu huu waya, tena safari hii bila jeki, magurudumu yakiwa chini, pikapu imesimama juu yake yenyewe, tupu, aone, na mikono yake ikawa inawasha kwa hamu, inataka spana sasa hivi, inataka kuanza...

Na hapo, katikati ya furaha yenyewe, kitu kingine kikaja, hakikuja na kelele, kikaja kama mtu anayeingia kanisani amechelewa, Mbogo hakudanganya, ndicho kilichokuja, Mbogo hakuwa anajifanya, Jumatatu zote zile amekaa pembeni yake na magunia nyuma, hajawahi kupanda pikapu hii ikiwa tupu hata siku moja, angepandaje, safari ya kurudi ni ya Ntinyari peke yake, kwa hiyo aliposema sijasikia kitu alisema alichosikia, yaani kimya, na yeye aliposema inanguruma alisema alichosikia, na wote wawili walikuwa wanasema kweli kwenye gari moja, barabara moja, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi, na miezi hii yote kila mmoja amelala akimpa mwenzake mgongo akiamini amelala na mwongo, ee, maskini mume wangu, akawaza, na lile neno la Thuci bado lilichoma, hakulisamehe lote, kuambiwa umechoka si kitu kidogo, angeweza kuuliza, angeweza kusema nitarudi nawe siku moja nikasikie, lakini hata yeye Ntinyari angeweza kusema njoo urudi nami, hakusema, aliogopa, aliogopa pikapu ingenyamaza kumwaibisha, na uchungu ule ambao alikuwa ameuzoea kama kiatu kinachobana akauona umelegea, akajaribu kuutafuta mahali pake katika usiku huu na ule uliopita, haukukaa tena... "Sasa hiyo baraka imetosha," ni Ngari, "mimi nina safari ndefu, chai nayo imepoa," na kijiko kikagonga kikombe, na viatu vya ofisi vya Mbogo vikaja kandokando ya gurudumu, vimepakwa rangi hata Jumamosi, vikasimama, magoti yakapinda, na uso wake ukashuka pembeni ya dunia, kichwa chini, akachungulia, kwa mara ya kwanza maishani mwake akachungulia chini ya pikapu, "Ntinyari, uko sawa?" akasema polepole ili wale wengine wasisikie, naye akamwona jinsi alivyo, vumbi la kutu, grisi mdomoni, mistari miwili ya machozi kuelekea masikioni, na Ntinyari akafungua mdomo, maneno yote yakajazana mlangoni kwa pamoja, bapa, mabati, kwaya, jeki, kabari, hakuna hata moja lililokubali kutoka la kwanza, akasema, "Panda huko nyuma," basi, hivyo tu, na akajiandaa kwa lile kwa nini lake, akalingoja, maana Mbogo bila kwa nini ni kama faili bila namba, na Mbogo akamtazama kidogo zaidi, akautazama na ule waya, viatu vikageuka vikaenda nyuma, springi zikalia, kiwiko cha waya kikainuka upana wa kucha, "Shuka," akaita, akashuka, kikarudi, "Panda tena," akapanda, na Kajuju huko juu akaangua kicheko akiuliza huu ni mchezo gani wa watu wazima, Gatakaa akamwambia anyamaze, na Ngari, sauti imeanza kupanda, "Kwani mzee, tunaenda ama hatuendi?" na Mbogo akajibu kutoka juu ya magunia, taratibu, kwa ule upole wake wa siku zote, "Mimi sijui, muulize yeye, ndiye mwenye masikio," na Ntinyari alikuwa bado chali juu ya gunia lake, waya ameuchukua mkononi, hakuna aliyekuwa ameinywa chai, na akaona atawajibu tu, lakini kwanza akaitazama ile shingo ya propela imenyooka, akaitazama vizuri...